Mlango wa Nyuma wa Basi Letu

Wiki iliyopita niliachia pale mume wangu aliposimama mlangoni kwa dada yake, hapo Mutrah, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaniambia: "Mama Nasriya, funga mizigo. Tumepata nyumba."

Nikamwuliza, "Iko wapi?"

Akanijibu, "Popote."

Aliyelikosa gazeti lile, au aliyelipata limeshafungiwa samaki, nitamkumbusha kwa maneno machache. Mimi naitwa Mahfoudha, mtoto wa Unguja. Mume wangu, Marhoon, alitangulia Kuwait mwaka wa sitini na nne, baada ya yale yaliyotukuta, akaniacha Dar es Salaam kwa mama yangu, mtoto mmoja mkononi na mmoja tumboni. Miaka sita ikapita. Yule wa tumboni, Mahbuba, akawa anamjua baba yake kwa picha tu, na kila mwanamume mwenye masharubu akimwita Baba.

Mwaka wa sabini Oman ikafunguka, watu wakaitwa kwao. Marhoon akapata kazi ya serikali Maskati, nami nikapanda meli na wanangu wawili, Nasriya na Mahbuba. Nikasema, basi, dhiki imekwisha.

Kumbe kazi yenyewe ilikuwa kupima mahali zitakapopita njia za gari. Leo Sib, kesho Barka, mtondo Sohar. Na nyumba ya kupanga haipatikani. Waliorudi walikuwa wengi, tukilala kwa jamaa kama samaki ndani ya tenga.

Ndiyo hiyo "popote" yake. Alitaka tununue gari, tulifanye nyumba, tuhamie humo moja kwa moja.

"Gari?" nikasema.

"Gari."

"La kwendea?"

"La kwendea, la kulalia, la kupikia. Wazungu wanakaa hivyo, bibi we. Nimewaona Kuwait kwa macho yangu, mtu na mkewe na mbwa wao."

"Na mimi nipo upande gani hapo? Wa mke au wa mbwa?"

Wifi yangu Sayyida alikuwa kitako anapepeta mchele. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka.

"Wifi yangu, bakia hapa na watoto," akasema alipopata pumzi. "Mwanamume mwache aende na gari lake. Atakuwa anakuja."

Neno lile, "atakuwa anakuja," lilinipita mwilini kama maji ya barafu. Nalijua. Nimekaa nalo miaka sita. "Atakuwa anakuja" ni salamu kwa mkono wa watu, na pea ya khanga siku ya Idi, na mtoto anayeita Baba kila mwenye masharubu.

Nikamtazama Marhoon. "Unaondoka lini?"

"Jumamosi. Wenzangu washatangulia Sib. Tukipata gari la kutufaa sote, tunakwenda sote. Tusipolipata, nitapanda Landrova ya serikali peke yangu, nikuiteni baadaye."

"Baadaye lini?"

Akainama, akajitia kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa makubadhi.

"Nnakwenda," nikasema. "Kwenye gari, kwenye pipa, kwenye tenga, nnakwenda. Lakini nna sharti moja. Liwe na milango miwili."

Mama unayesoma, usinicheke. Nyumba zetu sisi zina mlango wa wageni na mlango wa wenyewe. Akija mgeni mwanamume, anaingia kwake, anakaa, anakunywa kahawa, na mwenye nyumba hana haja ya kujua saa ngapi ataondoka. Sisi wanawake tunatokea kwetu, tunakwenda jikoni, tunakwenda uani, tunakwenda kwa jirani, maisha yanaendelea. Nyumba yenye mlango mmoja ni jela. Mgeni akikaa mlangoni, umefungwa. Na wageni wa Oman, Mungu awazidishie, hawana mchezo. Ukiwasha moto tu popote pale, kabla maji hayajachemka, umeshapata mtu wa kukwambia salaam alaykum.

Marhoon akasema, "Milango miwili kwenye gari? Utaipata wapi?"

"Popote," nikamjibu.

*

Alkhamisi asubuhi tukaenda Ruwi, kwenye uwanja mpana karibu na wanapotua ndege, ambapo makampuni yalikuwa yanaacha magari yasiyotakiwa. Dalali alikuwa mtu wa kwetu, Amur. Unguja alikuwa akiuza baiskeli, na kila baiskeli aliyoiuza ilikuwa "ya daktari, hakuipanda ila Ijumaa." Maskati akauza magari, na ulimi ni uleule.

"Bi Mahfoudha, karibu, karibu! Nasriya, mashallah, umekuwa mkubwa. Njooni muione nyumba yenu."

Akatupeleka kwenye lori. Nyuma seremala kapigilia mbao pande zote na juu, kaweka na ngazi.

"Lori hili," Amur akasema, "lilikuwa la mtu mmoja mcha Mungu. Halikwenda popote ila msikitini na kurudi."

"Lori hili zima linakwenda msikitini?" nikamwuliza.

"Alikuwa na jamaa wengi."

Nikapanda. Buibui likanasa kwenye msumari wa kwanza, nikalinasua, likanasa kwenye wa pili. Ndani giza tupu, dirisha hakuna. Nasriya akaingiza kichwa.

"Mama, kama tumo ndani ya kasha la chai."

"Amur," nikaita kutoka gizani, "likipinduka hili tutatokea wapi?"

"Halipinduki, Bi Mahfoudha."

"Mwenyewe kaliuza kwa nini?"

Nikamsikia anasema taratibu, "Lilipinduka. Lakini mara moja tu."

Nikashuka.

La pili, ndugu zangu, lilinitoa roho. Nyumba ya kukokotwa, ile Wazungu wanaiita karavani, nyeupe, imepigwa mstari wa buluu ubavuni, imekaa juu ya magurudumu mawili katikati kama keki juu ya kinara. Mbele ina mkono mrefu wa chuma wa kufungia kwenye gari. Ndani vitanda vya kukunja, kabati, jiko, beseni lenye bomba. Vipazia vyekundu madirishani! Nilishaanza kupanga chetezo nitakiweka wapi.

"Mlango mmoja," Nasriya akanong'ona.

Nikazunguka ndani nikitafuta wa pili, kama mtu aliyepoteza pete. Hakuna.

"Wa pili tutautoboa," Marhoon akasema kutoka nje. Nilimsikia sauti imejaa furaha. Naye ilishampendeza. "Mama Nasriya, usiache kitu kizuri kwa ajili ya tundu."

Na mimi, kusema kweli, pale nilikuwa karibu kukubali. Vile vipazia vyekundu!

Mara nikasikia huko nje: "Salaam alaykum!"

Wanaume watatu, wanapita tu njia yao, wamemwona Marhoon. Mmoja alikuwa anamjua marehemu babu yake. Basi imekwisha. Amur akatandika mkeka kwenye kivuli cha karavani, na kivuli kilikuwa upande gani? Upande wa mlango. Wawili wakakaa mkekani, mgongo kwenye mlango wetu. Mzee mmoja na Marhoon na Amur wakakaa juu ya ule mkono wa chuma wa mbele. Mdila wa kahawa ukaletwa.

Sisi ndani.

"Watakwenda sasa hivi," nikawaambia wanangu.

Wakaulizana habari. Habari za nyumbani, za mashamba, za mvua, za ngamia aliyepotea, za yule aliyempata ngamia, na za baba yake. Jua likapanda. Karavani ni bati. Nasriya akawa anatiririka jasho kwenye kidevu. Mimi nilihisi natoa harufu ya mkate unaookwa.

"Mama," Mahbuba akasema, "nataka kwenda."

"Jikaze."

"Nimejikaza zamani, Mama."

Siwezi kuita. Siwezi kukohoa. Marhoon naye hawezi kuniita mbele ya wageni wala kuwaambia ondokeni, mke wangu yumo ndani, maana kumtoa mgeni kwenye kahawa ni aibu ya kuhamia nchi nyengine. Tumebaki hivyo, yeye anajua, mimi najua, na kahawa inamiminwa.

Nyuma kabisa, juu ya kitanda, kulikuwa na dirisha.

"Nasriya. Tangulia."

Nasriya ni mwembamba, akapita kama uzi kwenye sindano. Nikampa Mahbuba, akampokea, wakakimbilia nyuma ya gari bovu. Nikabaki mimi. Nikatoa kichwa. Nikatoa mabega. Halafu nikafika mahali ambapo, baada ya watoto wawili na halwa ya Maskati, mtu hapiti kwa urahisi.

Nikiwa hapo, nusu ndani nusu nje, akatokea mtu wa nne.

"Salaam alaykum!"

Sasa sikiliza. Ada ya watu wa huku, akija mtu, wote husimama wampe mkono mmoja mmoja, mkubwa na mdogo. Amur akasimama. Marhoon akasimama. Na uzito wao juu ya ule mkono wa chuma ndio uliokuwa umeizuia karavani mbele. Hakuna aliyeweka gogo nyuma. Nyuma nilikuwapo mimi.

Nyumba ikanyanyua pua.

Ilikwenda taratibu, kwa heshima, kama ngamia anayetaka kusimama. Mimi nikateremka dirishani kama gunia la mchele, nikakaa kitako mchangani, buibui kichwani. Nasriya ndiye aliyeona ya mbele: yule mzee alichelewa kusimama, akapanda juu na ule mkono wa chuma, miguu inaning'inia, finjani mkononi. Na wallahi hakumwaga.

Nikalivuta buibui mahali pake.

Kisha nikasikia sauti ya mume wangu, imekauka kama tende ya mwaka jana: "Leo kuna upepo."

Na yule mzee, kutoka juu huko, akamjibu kwa adabu zake zote: "Ndiyo. Mkali."

Jani halikuwa linatikisika uwanja mzima.

*

Hapo nilipoangukia, nikiwa bado nimekaa mchangani natoa nywele machoni, ndipo nilipoliona. Lilikuwa nyuma kabisa, limeegeshwa ukutani. Basi la kampuni la kupelekea wafanyakazi kazini, kijani, limechubuka, mbele magurudumu mawili na nyuma manne. Mlango mmoja mbele, karibu na usukani. Na mlango mwengine nyuma kabisa, wenye komeo lake.

Wageni walipoondoka, nikamwita Amur. "Lile pale."

"Lile haliuzwi, Bi Mahfoudha."

"Kwa nini?"

"Hakuna anayelitaka."

"Mimi nnalitaka."

Marhoon akalizunguka basi mara mbili, anapiga matairi mateke. "Zito. Litazama mchangani."

"Tutalisukuma."

"Honi yake inaita watu mpaka wa Nizwa huko bara."

"Watakuja, tutawapa kahawa. Wana mlango wao."

"Mama Nasriya," akasema, na sasa hakuwa anatania, "ukiweka pazia katikati, mimi niko kwenye usukani, sikuoni. Pamoja na wageni siwezi kufungua pazia wala kukuita jina. Nitajuaje kama mumo?"

Hilo lilikuwa swali la maana, nami nilikuwa na jibu. Mtu mwenye wasiwasi kama mimi hakosi jibu. Usiku kucha huwa ninayatengeneza.

"Utapiga honi mara mbili. Mimi nitagonga sufuria kwa kijiko mara tatu. Hukusikia sufuria, usiondoe gari."

Akanitazama. Akacheka. Nilikuwa sijamwona anacheka hivyo tangu Unguja. "Bibi we ungekuwa nahodha," akasema, akaenda kuzungumza na Amur.

Ijumaa nzima tulikuwa uani kwa wifi Sayyida tunalitengeneza. Mbele mkeka, mito na seredani ndogo ya kahawa kwa ajili ya wageni, ili Marhoon asiwe na haja ya kuniomba kitu. Katikati pazia zito la turubai. Nyuma magodoro yetu, jiko la mafuta ya taa, chetezo, na mlango wetu. Pipa la maji juu.

Kazi ya kijiko akaililia Mahbuba. "Mimi! Mimi nigonge, Mama!"

Nikampa. Lakini mimi ni mimi, nikamfundisha vizuri. "Honi ikilia mara mbili, unafanya nini?"

"Nagonga mara tatu."

"Kisha?"

"Nafunga mlango komeo, nakaa kitako."

"Na mlango ukiwa wazi?"

"Nitaanguka, nife, na Mama atanipiga."

"Hasa. Tena."

Pii pii. Ko, ko, ko. Komeo, ta! Pii pii. Ko, ko, ko. Ta! Mpaka wifi Sayyida akatoka jikoni kashika kichwa kwa mikono miwili. "Wifi, nendeni hata leo! Nendeni sasa hivi!"

Lakini Jumamosi asubuhi, basi lilipowaka, ndiye aliyelia. Akatutilia kapu la mikate ya mofa dirishani, akaniambia, "Wifi yangu, nitakuja kukutembelea. Nitabisha hodi wapi?"

Nikamwambia, "Popote."

*

Basi lilizama mchangani mara moja tu kabla ya Sib, na watu walitokea sijui wapi, wakalisukuma, wakanywa kahawa, wakaenda zao. Wakaingia kwa mlango wao, wakatoka kwa mlango wao. Mimi nyuma nilikuwa nakaanga samaki, nimejifunga khanga kiunoni, wala sikusimamisha kijiko.

Tukaegesha nje kidogo ya Sib, penye minazi michache na mitende. Tukala sinia moja, sote wanne. Mahbuba akamvuta baba yake masharubu kuyahakikisha. Marhoon akanimegea upande wa samaki usio na miba akauweka mbele yangu. Basi, mimi nikajua nimechagua vizuri. Sikuwa nataka nyumba nyengine duniani.

Baada ya Alasiri wakaja wageni. Mzee mmoja na bakora yake, Mzee Aflah, anarudi kutoka sokoni, na nyuma yake mkewe, mwanamke mrefu aliyefunika uso kwa barakoa ya Kiomani, kashika kuku. Mzee akapanda kwa mlango wa mbele. Mkewe nikampokea kwa mlango wa nyuma. Nikampa tende, nikampa kahawa. Hakuwa msemaji. Lakini alilitazama basi, akatazama mlango, akatazama pazia, akatikisa kichwa kama mtu anayesema: huyu mwanamke ana akili.

Mimi nikavimba, ndugu zangu. Nikavimba.

Mahbuba alikuwa amelala godoroni, kijiko mkononi, hakukubali kukiacha. Vikombe vichafu vilikuwa vimejaa beseni, na maji ya pipa nilikuwa nayaonea uchungu. Yule mgeni akaonyesha kwa kidole: kisima, hapo, nyuma ya mitende. Akashika ndoo yangu yeye mwenyewe, kuku wake kwapani, hakutaka nimzuie. Nasriya akachukua beseni. Tukatoka sote watatu kwa mlango wetu, kimyakimya tusimwamshe mtoto, tukauacha wazi apate hewa.

Mbele ya pazia wanaume wanazungumza. Hawakusikia hatua zetu. Ndiyo uzuri wa mlango wa pili.

Tulikuwa tunasuuza vikombe tulipoisikia honi.

Pii! Pii!

Nasriya akainua kichwa. "Mama, Baba anataka kuondoka."

"Atakuwa kamwahidi yule mzee kumpeleka kwake," nikasema. "Suuza, mwanangu, usiwe na haraka. Haondoki mpaka asikie sufuria." Nikamtazama yule mgeni, nikajisifu kwa Kiarabu changu cha Unguja: "Mume wangu hawezi kutuacha. Tuna mpango."

Na kutoka ndani ya nyumba yangu, wazi kabisa, ikaja: ko, ko, ko.

Kikombe kikaniponyoka.

Sijui nilivyokimbia. Buibui huku, viatu kule. Nilipotoka kwenye mitende basi lilikuwa limeshaanza kujivuta, vumbi linapanda, na mlango wa nyuma uko wazi, unapigapiga huku na kule. Na mlangoni, kasimama na kijiko chake, usingizi bado machoni, Mahbuba.

Mama unayesoma, nakuomba kwa hili moja tu: wahesabu wanao kwa macho yako. Usiwahesabu kwa sufuria.

"Mlango!" nikapiga kelele. "Mahbuba! Mlango!"

Akaniona. Akafurahi. Akanipungia kijiko. Kisha, mtoto mwema, kama nilivyomfundisha siku nzima, akauvuta mlango kwa mikono miwili, na hata kwenye mngurumo ule nikalisikia komeo.

Ta!

Nikakaa chini nikamshukuru Mungu, nikalia, nikacheka, vyote pamoja. Mwanangu haanguki. Kila nililolifundisha limefanyika barabara. Na mimi niko nje.

Nasriya akanifikia, beseni bado mikononi. "Mama, Baba katuacha."

"Hakutuacha! Anafikiri tumo."

"Atajua lini?"

"Akitaka kahawa." Kisha nikakumbuka. Seredani ya kahawa nilimwekea mbele mimi mwenyewe, asiwe na haja ya kuniomba.

Basi likafika kwenye njia. Upande mmoja ni Mutrah, upande mwengine Sohar. Halikushika wa Mutrah. Halikushika wa Sohar. Likaikata njia, likaelekea bara, kwenye milima, mahali ambapo sikuona hata alama ya gurudumu.

Yule mgeni alikuwa amekuja taratibu, ndoo kichwani, imejaa, hakumwaga tone. Akasimama karibu yangu akalitazama vumbi.

Nikamwambia, "Bibi, msamehe mume wangu. Anampeleka mzee kwenu. Wakifika watakuta hatumo, watarudi. Kwenu ni mbali?"

Akanyoosha mkono. Lakini hakuunyoosha milimani. Aliunyoosha baharini.

"Kwetu ni kule," akasema. "Pwani. Paa lake linaonekana kutoka hapa."

Nikatazama pwani, nikatazama vumbi. "Basi wanakwenda wapi?"

Akatua ndoo chini. Akakaza mafundo ya barakoa, moja, la pili, kama mwanamume anayejifunga jambia.

"Kule," akasema, "ni kwa mke mwenzangu. Mume wangu kamwoa mwaka huu, anafikiri mimi sijui. Leo aliniambia nikimaliza kahawa nitangulie nyumbani."

Nasriya akatoa macho.

Yule mwanamke akamkamata kuku wake miguu, akakunja nguo, akaanza kutembea kulifuata basi letu, mrefu, hatua za haraka. Alipoona hatumfuati akageuka.

"Inukeni, twendeni! Mtoto wako yuko kule, na mume wangu yuko kule." Chini ya barakoa niliona meno yake, alikuwa anacheka. "Na usiwe na wasiwasi, hawatatuponyoka. Nimeshakwenda kuichungulia ile nyumba. Ina mlango mmoja tu."